Nyoka wa Zuwena

Kwa kufariki kwa Bi Nasra, nimebaki peke yangu ninayejua nyoka yule alikuwa wa nani. Nilikwenda matangani kwake Nizwa, huku Oman, siku ya pili, nikakaa upande wa wanawake, mgongo ukutani, kikombe cha kahawa mkononi, na nikajikuta, Mungu anisamehe, silii bali napumua, kama mtu aliyeshushiwa mzigo na mwenziwe aliyetangulia. Sahani za halwa zilipita, udi ukapita, wazee waliotoka Unguja na Pemba wakazungumza Kiswahili chao cha mjini ambacho sasa hukisikia tu penye msiba au harusi. Nyuma yangu wasichana wawili wa familia walikuwa wakinong'ona kwa lugha mbili zilizoshonwa pamoja, na katika minong'ono hiyo nikalisikia jina la Zuwena. Aliyelitaja hakuwa amezaliwa Zuwena alipozikwa. Alilitaja kama watu wanavyotaja jina la jini au la kisima kilichofukiwa. Nitakuja kusema alisema nini, na mimi nilimjibu nini. Kwanza sina budi kuueleza mwaka ule, kwa sababu hakuna mwingine wa kuueleza, na kwa sababu ninajua jinsi ninavyoweza kuueleza vibaya bila ya kusema neno moja la uongo.

Ulikuwa mwaka wangu wa kwanza wa ualimu, mwishoni mwa miaka ya sabini. Nilikuwa na umri wa miaka ishirini na minne na shahada ya elimu ya viumbe, nikiwa na imani kwamba hofu zote ni watoto wa ujinga, na kwamba ujinga huondoka mtu akitazama kwa macho na kugusa kwa mkono. Katika ukurasa wa kwanza wa daftari langu la maandalizi niliandika: Sitasema uongo mbele ya mwanafunzi. Niliipigia mstari sentensi hiyo mara mbili, na niliiamini kama wengine wanavyoamini hirizi. Siku tulipopokewa katika skuli ya wasichana, mudira, mwalimu mkuu wetu, alitwambia kwamba sisi si walimu tu, sisi ni murabbiyat, neno la Kiarabu lenye maana ya walezi. Nililipenda neno lile. Sikujishughulisha kufikiri kwamba kitenzi chake hutumika kwa anayelea mtoto, kwa anayefuga mbuzi, na kwa anayefuga kitu kingine chochote.

Nilipanga chumba cha juu katika nyumba ya udongo ya Bi Zuwena, ndani ya mji mkongwe wa Manah, mwendo mfupi wa teksi kutoka Nizwa. Bi Zuwena alikuwa mjane wa makamo yaliyokwisha kuelekea uzee, mwembamba, mwenye ulimi wa Unguja mjini na mikono isiyokaa. Nyumba ilikuwa ya marehemu mumewe, na mume alipokufa ikawa ya ukoo wa mume. Yeye alibakishiwa ruhusa ya kuishi mle, na ruhusa hiyo ndiyo iliyokuwa mali yake yote. Salim, mtoto wa shemeji yake, alikuja kila Ijumaa kumwamkia, na hakuweza kumwamkia bila ya kuangalia dari, kupigapiga kuta kwa kiganja, na kuuliza kama mlango wa nyuma bado unafunga. Alikuwa ameoa karibuni, na nyumba ya baba yake ilikuwa imejaa. "Huyu haniamkii mimi," Bi Zuwena alikuwa akisema akishaondoka, "anaziamkia boriti." Tulikula jikoni, tumekaa kwenye mkeka, mchuzi wa papa mkavu aliyeletwa kutoka Sur, umetiwa nazi ya kopo ambayo Bi Zuwena aliitukana kila mara kabla ya kuionja na kila mara akaimaliza. Sijapata kula chakula kitamu kama kile, na tangu siku zile papa mkavu hapiti kooni mwangu.

Nyoka alitoka kwa mhandisi mmoja mgeni wa barabara aliyehamishwa ghafla, akawa anatafuta wa kumwachia. Alikuwa boa, jike, wa Amerika ya Kusini, urefu wa kanga moja na nusu, rangi ya kahawia yenye mabaka mekundu mkiani kama matofali. Mudira aliniruhusu kumleta darasani kwa somo, kwa sharti kwamba asilale skuli hata siku moja. Kwa hiyo nilimpeleka Manah ndani ya kikapu cha nguo, nikamweka katikati ya jiko, nikasema nilichokuwa nimejizoesha kukisema njia nzima.

"Bi Zuwena, huyu ni chatu. Yaani si chatu hasa, ni jamaa yake. Chatu hutaga mayai, huyu huzaa."

"Huzaa kama mimi?"

"Huzaa. Na hana sumu. Huua kwa kukaza."

"Kama ukoo wa mume," alisema, wala hakusogea. "Na hula nini?"

"Panya."

Aliinua uso. Chini ya chumba changu kulikuwa na ghala ya tende, na panya wa ghala ile walikuwa wakubwa hata paka wa mtaa walikuwa wakiwapisha. "Sasa mwanangu," akasema, "kwa nini hukuanza na hilo?"

Ghala ndiyo iliyokuwa nyumba yake. Kilikuwa chumba cha baridi kuliko vyote, kuta zake nene kama urefu wa mkono, sakafu yake imefinyangwa mifereji ambamo asali ya tende hutiririka kutoka chini ya magunia hadi kwenye mtungi. Seremala wa Nizwa alinigeuzia kreti la friji kuwa kasha: kioo mbele, matundu ya hewa ubavuni, kifuniko chenye komeo, kwa kuwa boa ana nguvu na subira na husukuma kila pembe mpaka ajue ipi inalegea. Ndani niliweka karai la maji la kutosha yeye kujizamisha, tawi nene la mkwaju, na chungu kilichovunjika cha kujifichia, kwa sababu nyoka asiye na pa kujificha hali. Wageni hudhani joto la Oman linamfaa. Linamwua. Wakati wa kiangazi tulitandika gunia bichi juu ya kasha na kulilowesha asubuhi na adhuhuri, kwani katika hewa kavu ya bara gamba lake hung'oka vipandevipande na kumkaba. Wakati wa baridi tulimwekea chupa za maji ya moto zilizofungwa vitambaa. Haya yote niliyaandika, na Bi Zuwena, asiyesoma ila Kurani, aliyashika kwa moyo kuliko mimi.

Nilimfundisha kanuni kama nilivyowafundisha wanafunzi. Usimshike ukiwa na harufu ya panya mkononi. Mguse kwanza kwa fimbo, ajue kwamba kilichokuja si chakula. Mbebe kwa mikono miwili, mwili wote uwe na pa kuegemea, wala usimtie shingoni. Akipata ukungu wa samawati machoni anataka kujivua, mwache. Mpe panya aliyekwisha kufa, kwa koleo, mara moja kwa wiki mbili, maana panya mzima humng'ata. Na kubwa kuliko zote: akishiba hashikwi, siku tatu, kwa sababu akibabaishwa hutapika, na kutapika kunaweza kumwua. Bi Zuwena alizirudia huku akihesabu kwa pingili za vidole. Baada ya mwezi mmoja yeye ndiye aliyekuwa akitega mitego, akishika koleo, akizungumza naye. Alimwita Bi Harusi. "Yumo ndani hatoki," alisema, "analishwa kwa mkono, na kila mtu anataka kumwona. Kilichobaki ni hina." Mimi nilirudi kutoka skuli nikiwa nimechoka, nikala, nikasahihisha madaftari. Kwa kweli nyoka wangu aliishi kwa mkono wa Bi Zuwena, nami niliona hiyo ni fahari yangu, kwamba nimemwondolea mwanamke mmoja hofu.

Na darasani nilipata siku moja ambayo mpaka leo sijui niiweke wapi. Nilimtoa kikapuni mbele ya wasichana thelathini waliobana ukuta wa nyuma, nikakaa naye kitini bila ya kusema kitu. Mmoja akaja. Akanyosha kidole, akakirudisha, akakinyosha tena. "Ni mkavu, ustadha," akasema, na uso wake ulikuwa uso wa mtu aliyedanganywa miaka yote na sasa amejua. Wote wakaja. Niliporejea Manah nilimsimulia Bi Zuwena, naye akanisikiliza mpaka mwisho, akasema: "Waliogusa ni wasichana. Mama zao hawajagusa." Nilimcheka.

Bi Nasra alikuwa mwanamke wa Pemba, jirani wa nyumba ya tatu, rafiki wa Bi Zuwena na mchukuzi wa habari za mtaa wote. Alikuja asubuhi moja ya Ijumaa akatukuta uani tumetandaza gamba lililovuliwa zima tangu mdomo hadi mkia, juu ya kanga, tukilipima. Alisimama mlangoni, buibui amelikusanya magotini.

"Haya, na hicho nacho?"

"Nguo ya Bi Harusi," alisema Bi Zuwena. "Kavua, anataka nyingine."

Bi Nasra hakucheka. Akanigeukia mimi, msomi, ili aambiwe lililo kweli. Nami nilikuwa na furaha, nilikuwa na tambo kichwani, nikataka kumsifu mwenyeji wangu. Nikasema: "Mimi siku hizi natazama tu, Bi Nasra. Bi Zuwena ndiye anayefuga."

Ndilo neno lenyewe. Nilikuwa nimekulia katika mabweni ya watu wa mataifa mengine, nikijifunza majina ya mifupa kwa Kilatini, na nilikuwa nimesahau jambo ambalo kila mtoto wa Unguja na Pemba hulijua kabla ya kuota meno: kwamba ukisema mtu anafuga mbuzi, anafuga mbuzi, lakini ukisema mtu anafuga, ukanyamaza, ukakiacha kitenzi bila ya yambwa, umesema ana jini ndani ya nyumba, humlisha, na jini huyo siku moja atadai kulishwa mtu. Niliona macho ya Bi Nasra yakishuka juu ya gamba lile na kupanda. Niliona mkono wa Bi Zuwena ukisita. "Mwalimu anatania," alisema Bi Zuwena upesi. Bi Nasra akasema alhamdulillahi, kutania ni kuzuri, na hakukaa kunywa chai. Gamba tulilikunja, na kwa kuwa nilitaka kulipeleka skuli likiwa halijavunjika, nilimwomba Bi Zuwena anihifadhie katika sanduku lake la nguo, baina ya kanga zake na udi wake.

Neno lilitoka katika Kiswahili cha Bi Nasra likaingia Kiarabu bila ya kupoteza kitu njiani. Zuwena trabbi, walisema kisimani. Zuwena analea, kitenzi kilekile cha mudira. Mwezi haukuisha, mke wa Salim akaharibu mimba. Alikuwa amekuja kwetu wiki moja kabla, amekaa kwenye mkeka wetu, amekula mkate wa Bi Zuwena. Sitamcheka Salim kwa hili. Alikuwa kijana aliyepoteza mtoto, na mtu aliyefiwa hutafuta mlango wa kugonga. Ni bahati mbaya ya Zuwena kwamba mlango ulioonekana ndio uleule ambao Salim alikuwa akiupima kila Ijumaa.

Salim aliletwa skuli na mzee mmoja wa mtaa. Mudira aliniita ofisini, akafunga dirisha, akaniambia nikae. Alisema polepole, bila ya ukali, kwamba anataka jawabu moja, kana kwamba si yeye aliyeniruhusu kumleta nyoka darasani. Ikiwa nyoka ni wangu, atalazimika kuandika kwamba mwalimu wake anafuga hayya, yaani nyoka, katika nyumba ya watu, na barua hiyo ikishatoka, mimi nitaondoka na somo la sayansi litaondoka pamoja nami. Salim alikuwa akitazama viatu vyake. Nilikumbuka kidole cha msichana yule. Nilikumbuka daftari langu na mistari yake miwili. Kisha nikasema, kwa Kiarabu fasaha, sentensi ambayo nimeipima tangu siku ile kama dawa na sijapata kuona ndani yake hata chembe ya uongo: "Nyoka yumo nyumbani kwa Zuwena, na Zuwena ndiye anayemlisha."

Mudira akapumua. Mzee akasema hasbiyallah. Salim aliinua uso wake kutoka kwenye viatu, na nilitambua kwamba nilikuwa nimempa zawadi ambayo hakuthubutu kuiomba.

Jioni hiyo Bi Zuwena alikuwa amepika boko-boko, chakula cha sikukuu, kwa sababu ambayo hakuisema. Nilimwambia yote, kwani nilikuwa bado najiona mtu wa kweli. Aliendelea kupakua.

"Umewaambia nyoka wangu?"

"Sikusema wako. Nilisema yumo humu, na wewe unamlisha."

"Na uongo uko wapi hapo?"

"Hakuna."

Alinisogezea sahani. "Kumbe kweli nayo humeza mtu," alisema. "Kula, isije ikapoa."

Walikuja asubuhi ya pili baada ya hapo, Salim na wanaume watatu wenye majembe. Nilikuwa sijaondoka, nilisimama kwenye ngazi, kitabu kifuani, nikayaona yote kutoka juu. Sanduku la nguo lilifunguliwa kwanza, na gamba likatoka baina ya kanga, na mmoja wao akarudi nyuma akitaja jina la Mungu. Kisha wakashuka ghalani. Bi Zuwena alikuwa amemlisha jana yake, zamu yake ilikuwa imefika na yeye hakuwa mtu wa kuruka zamu. Alisimama mbele ya kasha na koleo lake, mwanamke mfupi mbele ya kioo, na maneno yake niliyasikia kama yanavyosikika maneno katika chumba chenye kuta nene, kwa uzito na bila ya mwangwi.

"Mngojeni siku mbili, Salim. Kashiba. Mwalimu kasema akishiba hashikwi."

Salim alisimama. Kiswahili chake kilikuwa cha kusikia tu, cha kuombea chai, lakini neno mwalimu halihitaji tafsiri. Aligeuka, akatazama juu, akaniona kwenye ngazi. "Mwalimu yupi, khalti?" akauliza, kwa neno la Kiarabu la kumwita mama mdogo.

Hapo palikuwa na nafasi. Sisemi ilikuwa ndogo. Ngazi ilikuwa na vidaraja kumi na viwili, na ningeweza kuvishuka vyote katika kimya kile. Bi Zuwena naye alinitazama, si kwa kusihi, kwa kusubiri tu, kama alivyokuwa akisubiri nyoka akubali koleo. Kisha akageuza uso.

"Wa zamani," akamwambia Salim. "Ameshakufa."

Walimburuta nyoka nje akiwa mzito, hawezi kujikunja, na uani alitapika panya mzima, umbo lake halijaharibika bado, na wanaume wakacheka kwa hofu kabla ya kuteremsha majembe. Bi Zuwena aliyazoa mabaki kwa mikono yake. Wiki ile ile akapelekwa Sur kwa binti wa dada yake, akakae chumba cha nyuma. Alipokuwa akipanda gari nilimwinamia mkono, nikasema shikamoo, naye akaitika marahaba, mwanangu, kwa sauti yake ya kila siku. Salim alihamia mwezi uliofuata. Nilihamia Nizwa. Nilifundisha sayansi miaka ishirini na tisa, wanafunzi wangu wawili ni madaktari, na sijapata kuleta kiumbe hai darasani tena.

Bi Zuwena alifariki Sur baada ya baridi mbili. Sikuwahi kwenda kumtazama; niliandika barua tatu, zote zimeandikwa vizuri, na sikutia hata moja posta. Habari aliniletea Bi Nasra, alikuja mpaka mlangoni kwangu, akakataa kuingia. "Alisema nikwambie," alisema, "panya wa Sur ni wakubwa, Bi Harusi angelishiba." Tukasimama. Nikamwuliza kama alijua siku zote nyoka alikuwa wa nani. "Nilimwona yule mhandisi mgeni akikukabidhi kikapu Nizwa," akajibu. "Mimi nilisimulia tu ulivyosema." Tangu siku ile, kila tulipokutana penye harusi au msiba, tulisalimiana kwa heshima kubwa, kama watu wawili walioshika ncha mbili za shuka moja.

Sasa ameiachia ncha yake. Nilikaa matangani kwake, nikamsikia mjukuu wake akimnong'oneza mwenziwe: "Bibi alikuwa anasema, zamani Manah kulikuwa na nyoka ya Zuwena. Mtoto akilia usiku wanamwambia, nyamaza, itakuja nyoka ya Zuwena." Nikageuka. Aliona nimesikia, akaona haya, akaniamkia.

"Shikamoo, ustadha. Kwani wewe ulimjua?"

Wazee wawili walinielekea. Nilikuwa na kila kitu: umri, heshima, hakuna mudira, hakuna barua, hakuna hata shahidi wa kunishangaa. Niliweka kikombe chini. Nilifungua kinywa, na kilichotoka ndicho ambacho kimekuwa kikitoka katika kinywa hiki maisha yake yote.

"Nyoka wa Zuwena," nikasema. "Nyoka ni kiumbe, mwanangu. Hatusemi nyoka ya."

"Ahsante, ustadha," alisema. Akamgeukia mwenziwe, na kama mwanafunzi mzuri akarudia, polepole, bila ya kosa: "Nyoka wa Zuwena."